Kinachoua bodi ndogo ni kadi, RAM inasingiziwa

Mwombe mjuzi wa kompyuta za bodi moja, zile ndogo kama Raspberry Pi, akuchagulie mfumo endeshi mwepesi, naye mara nyingi atakujibu kwa namba: huu unakula MB 40 za RAM ukiwa umetulia, ule unakula MB 120, basi chukua wa kwanza. Namba hizo zinapimika kwa dakika moja na ni rahisi kuzipigia chapuo. Ila hazikwambii lolote kuhusu siku ile umeme utakapokatika mara tatu kabla ya adhuhuri, ukarudi, na bodi ikakataa kuwaka. Ukiichunguza utakuta RAM ni nzima, prosesa ni nzima, lakini mfumo wa mafaili kwenye memori kadi umevurugika.

Wengi wanaoandika ushauri huu wako mahali ambako umeme ukikatika ni habari ya gazetini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa bodi itakayokaa Singida au Kitui, mpangilio wa maswali unabadilika. RAM inabaki kuwa swali halali, lakini inashuka hadi nafasi ya tatu au ya nne.

Tuchukue kazi moja ya kweli ili mjadala usielee hewani: maktaba ya shule isiyo na intaneti. Bodi ni Raspberry Pi Zero 2 W, iliyotoka Oktoba 2021 kwa bei rasmi ya dola 15, yenye RAM ya MB 512 na prosesa ya kore nne za Cortex-A53 zinazokwenda GHz 1. Itatoa Wikipedia kupitia Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, kwa Wi-Fi yake yenyewe, na itaandika takwimu kidogo za matumizi. Hakuna skrini wala kibodi, na fundi anakuja mara moja kwa muhula.

Prosesa inaelewa lugha gani?

Bodi ya kwanza ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, ilikuwa na prosesa ya ARMv6, yaani toleo la sita la lugha ya maagizo ya ARM. Debian, mfumo wa Linux ambao mingine mingi inajengwa juu yake, wakati huo ilikuwa imekwisha kuamua kwamba toleo lake la armhf, la prosesa za ARM za biti 32, lianzie ARMv7. Ndipo Mike Thompson na Peter Green wakaijenga Debian upya, kifurushi kwa kifurushi, ikazaliwa Raspbian. Jina lilibadilika kuwa Raspberry Pi OS mwezi Mei 2020, lakini toleo la biti 32 bado linajengwa kwa ARMv6 ili Pi ya kwanza, Pi Zero na Zero W ziendelee kuhudumiwa.

Historia hiyo ina madhara hadi leo. Ukichukua kifurushi cha armhf kilichojengwa na Debian yenyewe ukakiweka kwenye Zero W, dpkg, kisakinishaji cha vifurushi cha Debian, itakipokea bila kinyongo, kwa kuwa jina la usanifu ni lile lile. Ukikiendesha, kinakufa papo hapo na ujumbe wa "Illegal instruction". Hakuna kilichoharibika, programu imetamka neno ambalo prosesa haijawahi kufundishwa. Alpine, mfumo mwingine mwepesi wa Linux, inaongeza mkanganyiko wa majina: kwake armhf ni ARMv6, na ARMv7 ina jina lake, armv7. Ubuntu haizihudumii bodi za ARMv6, na Node.js, jukwaa la kuendeshea programu za JavaScript, iliishusha ARMv6 hadi daraja la majaribio kuanzia toleo la 12.

Zero W na Zero 2 W zinafanana umbo na ukubwa, na kwenye soko la mitumba zinauzwa kwa jina moja tu, "Pi Zero". Kabla hujachagua mfumo, washa bodi kwa kadi yoyote inayoiwasha na usome:

cat /proc/device-tree/model

Jibu la amri hiyo ndilo linaloamua orodha ya mifumo unayoweza kuijadili. Ikiwa ni Zero W ya kore moja, nusu ya mjadala umekwisha.

Kuhusu biti 32 au 64, kwenye MB 512 jibu letu ni 32, isipokuwa programu unayoihitaji inakulazimisha. Kila anwani ya kumbukumbu inayochukua baiti 4 kwenye biti 32 inachukua baiti 8 kwenye 64, na programu zenye vitu vingi vidogo vidogo, kama zile za Python, zinavimba waziwazi. Toleo la biti 64 la Raspberry Pi OS lilitoka kwenye majaribio Februari 2022 na ni zuri, ila faida yake inaonekana kwenye bodi za GB 2 na kuendelea. Biti 64 nazo si tiketi ya kila kitu. MongoDB, programu ya hifadhidata, kuanzia toleo la 5.0 inadai ARMv8.2-A, na Cortex-A53 pamoja na Cortex-A72 ya Pi 4 ni za ARMv8-A ya mwanzo. Mtu anahamia biti 64 kwa ajili yake, kisha anakutana na "Illegal instruction" ile ile.

Mtego mwingine ni wa Pi 4: mfumo wa biti 32 sasa huwashwa na keneli, yaani kiini cha mfumo, ya biti 64. Amri uname -m itakwambia aarch64, na wewe utapakua programu za arm64 ambazo hazitaendeka. Iamini dpkg --print-architecture. Ukitaka keneli nayo iwe ya biti 32, andika arm_64bit=0 ndani ya config.txt, faili la mipangilio ya kuwashia ambalo tangu toleo la Bookworm (Debian 12) la 2023 liko /boot/firmware/ badala ya /boot/.

RAM, kwa haki yake

Anayesoma safu ya "used" ya free -m, amri ya kupima RAM, anasoma mahali pasipofaa. Safu ya kuangalia ni "available". Linux huichukua RAM isiyo na kazi ikaifanya kache ya mafaili, na kwa maktaba yetu kache hiyo ni mali: kurasa za Kiwix zinazosomwa mara kwa mara hutolewa kwenye RAM bila kuigusa kadi. Kwa hiyo ndiyo, MB 60 zilizookolewa zina thamani. Ila hazitokani na jina la mfumo. DietPi, mfumo uliopunguzwa kwa ajili ya bodi ndogo, ni Debian, na Raspberry Pi OS Lite, ile isiyo na desktop, ni Debian. Ukiondoa desktop, tofauti inayobaki ni huduma zinazoanzishwa zenyewe, na hizo unaweza kuzizima kwa mkono:

ps -eo rss,comm --sort=-rss | head -15
sudo systemctl disable --now ModemManager bluetooth

ModemManager inahitajika tu kama umechomeka modemu ya USB ya laini ya simu. Avahi iache, ni kidogo, na ndiyo inayokuwezesha kuifikia bodi kwa jina la maktaba.local badala ya kusaka anwani ya IP. Ongeza gpu_mem=16 kwenye config.txt, kwa sababu bila hiyo bodi ya MB 512 inaitengea sehemu ya picha MB 64. Kumbuka tu kwamba kwa 16 bodi inatumia faili la kuwashia lililopunguzwa, na usimbaji wa video wa H.264 kwenye chipu haupo tena. Seva ya maandishi haina haja nao.

Baada ya hatua hizo pengo kati ya Lite na DietPi linabaki dogo kiasi kwamba programu moja ya Python iliyoandikwa ovyo italimeza lote. Alpine peke yake ndiyo inayobaki mbali kwelikweli, kwa sababu haina systemd (kianzishaji cha huduma) wala glibc (msingi wa programu za C) vya Debian. Mahali pake inatumia OpenRC, BusyBox na musl. Tutaifikia.

Kadi

Memori kadi haiandiki baiti moja moja. Ndani yake kuna vipande vikubwa ambavyo lazima vifutwe kwanza ndipo viandikwe upya, na kila kipande kina idadi ya kufutwa kinachoweza kuvumilia. Kidhibiti cha kadi kinahamisha data huku na kule ili kusawazisha uchakavu, na kinafanya hivyo kimyakimya, hata pale Linux inapodhani kuandika kumekwisha. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, kinachopotea kinaweza kuwa faili ambalo hakuna aliyeligusa kwa mwezi mzima. Ndiyo maana jonali ya ext4, yaani daftari ambamo mfumo wa mafaili wa Linux huandika mabadiliko yake, pamoja na uimara wake, haitoshi. Inalinda kile Linux inachokijua, na kinachotendeka ndani ya kadi hakimo.

Fanya hesabu. Programu ya takwimu inaandika mstari wa baiti 60 kila sekunde 10 na kulazimisha uhifadhiwe hapo hapo. Kwa siku ni mara 8,640, na data halisi ni kama KB 518. Lakini kila kuhifadhi kunagusa angalau bloku moja ya KB 4 ya faili na bloku kadhaa za jonali. Tuseme nne kwa jumla, KB 16. Hiyo ni zaidi ya MB 130 kwa siku kwa ajili ya nusu MB ya habari, kabla kadi yenyewe haijaongeza gharama zake za ndani. Ukiongeza kumbukumbu za matukio za mfumo na faili la swap, linalosaidia RAM ikijaa, umepata kadi inayochoka bila mtu yeyote kuitumia.

Kiasi hicho kinapimika, na inashangaza ni wachache kiasi gani wanaokipima kabla ya kusifia mfumo:

cat /sys/fs/ext4/mmcblk0p2/session_write_kbytes

Hizo ni KB zilizoandikwa tangu mfumo wa mafaili ulipofunguliwa. Soma asubuhi, soma jioni, toa. Kama maktaba haikuwa na msomaji na namba imepanda kwa mamia ya MB, kuna mwandishi amejificha. Amri ya sudo iotop -ao itamtaja kwa jina.

Tiba yenyewe haihitaji kubadilisha mfumo. Kwenye /etc/systemd/journald.conf weka Storage=volatile na RuntimeMaxUse=16M, matukio yabaki kwenye RAM. Kwenye /etc/fstab hakikisha kuna noatime, inayozuia kuandika saa ya kila kusomwa kwa faili, na kama unaweza kupoteza dakika moja ya mwisho ya data, ongeza commit=60; kawaida ext4 hukusanya kwa sekunde 5 tu. Ujue kwamba commit haimzuii mwandishi anayelazimisha kuhifadhi kwa fsync, kwa hiyo SQLite, hifadhidata ya faili moja, inahitaji tiba yake: PRAGMA journal_mode=WAL na PRAGMA synchronous=NORMAL. Umeme ukikatika unaweza kupoteza miamala ya mwisho, lakini hifadhidata haivunjiki. Bora zaidi, programu ikusanye mistari 60 kwenye RAM na kuiandika mara moja kila dakika 10.

Swap ndiyo adui mkubwa. Kwenye Bookworm iondoe kwenye kadi:

sudo dphys-swapfile swapoff
sudo systemctl disable dphys-swapfile
sudo apt install zram-tools

Kisha ndani ya /etc/default/zramswap andika ALGO=zstd na PERCENT=50, uanzishe huduma upya. Zram inabana kurasa za kumbukumbu na kuzihifadhi ndani ya RAM yenyewe. Inagharimu nguvu kidogo ya prosesa, na kore nne zinaimudu. Matoleo mapya ya Raspberry Pi OS yaliyojengwa juu ya Debian 13 tayari yanatumia zram, kwa hiyo angalia kwanza kwa swapon --show kabla ya kuweka ya pili juu ya ya kwanza.

Na kadi yenyewe? Ile iliyoandikwa GB 64 inaweza kuwa na GB 8 za kweli na kidhibiti kilichofundishwa kudanganya. Itafanya kazi vizuri hadi GB ya tisa. Kabla ya kuipa kazi, ijaze yote kwa f3write na uisome kwa f3read. Kwa GB 64 ni kazi ya saa kadhaa, iache usiku. Alama ya A1 inamaanisha kadi imeahidi angalau kusoma mara 1,500 na kuandika mara 500 kwa sekunde kwa mafikio ya hapa na pale, na hicho ndicho kinachotakiwa na mfumo endeshi. A2 inaahidi zaidi, 4,000 na 2,000, lakini kwa kutumia foleni ya amri ambayo bodi za zamani hazina, kwa hiyo usiilipie ziada kwa Zero 2 W. Kadi za kamera za ulinzi, zile za "High Endurance", zinastahili bei yake.

Kabla ya kuilaumu kadi, ulize umeme. Linux ikiwaka, andika vcgencmd get_throttled. Jibu la 0x0 ni salama, isipokuwa kwa bodi za Zero, Zero 2 W ikiwemo, ambazo hazina sakiti ya kugundua upungufu wa volti. 0x50000 linamaanisha volti zilishuka tangu bodi iwashwe na prosesa ikapunguzwa kasi, na 0x50005 linamaanisha yanatokea sasa hivi. Kipimo ni volti 4.63. Mara nyingi chaja haina kosa. Kosa ni la waya mrefu mwembamba wa simu. Hakuna mfumo endeshi, uwe mwepesi kama unyoya, utakaoandika kadi vizuri kwa volti 4.5.

Wagombea

Raspberry Pi OS Lite ndiyo tunayoianza nayo kwenye bodi zozote za Raspberry Pi, na tunataka sababu ndipo tuiache. Keneli yake inatoka kwa watengenezaji wa bodi, kamera na pini zinafanya kazi, na swali lolote utakaloliandika kwenye injini ya utafutaji lina jibu. Kasoro zake mbili zinasumbua. Kwanza, watengenezaji wanashauri kusakinisha upya badala ya kupandisha toleo kubwa juu ya lililopo, yaani kila baada ya miaka miwili hivi fundi anakwenda na kadi mpya. Pili, mipangilio ya mtandao ilihamia NetworkManager kwenye Bookworm, na maelekezo mengi ya zamani ya dhcpcd na wpa_supplicant.conf hayafanyi kazi tena. Mtu anaweka faili lile kwenye kadi kama alivyozoea, bodi inawaka, Wi-Fi haionekani. Tumia Raspberry Pi Imager na ujaze jina la mtumiaji, SSH (njia ya kuingia kwenye bodi kutoka mbali) na msimbo wa nchi, TZ au KE, kabla ya kuandika kadi. Bila msimbo wa nchi redio hubaki imefungwa. Yule mtumiaji wa "pi" mwenye nywila inayojulikana na dunia nzima aliondolewa Aprili 2022, na ni heri.

DietPi inafanya yenyewe sehemu kubwa ya yale tuliyoyafanya kwa mkono hapo juu, na kwa mtu mwenye bodi kumi hilo lina maana. Faili la dietpi.txt linajazwa mara moja, AUTO_SETUP_AUTOMATED=1, na bodi zote zinajisakinisha. Kumbukumbu za matukio zinakaa kwenye RAM, na kwa mpangilio wa kawaida hufutwa kila saa. Hapo ndipo penye utata: bodi ikianguka saa nane usiku, asubuhi hukuti ushahidi. Jambo la pili ni swap. DietPi kwa kawaida hutengeneza faili la swap ili RAM na swap zifike jumla ya GB 2, yaani bodi ya MB 512 inapata GB 1.5 kwenye kadi. Inaambiwa isiitumie ila ikibanwa, sawa, lakini ikibanwa ndipo inapoitumia sana. Weka AUTO_SETUP_SWAPFILE_LOCATION=zram kabla ya kuiwasha mara ya kwanza. Pia inahitaji intaneti katika uwashaji huo wa kwanza, kwa hiyo iandae mjini kabla hujaipeleka shuleni, na badilisha nywila ya "dietpi" siku hiyo hiyo.

Kuna malalamiko ya mara kwa mara kwamba DietPi "haipokei mafaili". SSH yake ni Dropbear, ambayo haiji na SFTP, njia ya kuhamisha mafaili, na amri ya kunakili, scp, ya OpenSSH tangu toleo la 9.0 hutumia SFTP. Andika scp -O, au sakinisha openssh-sftp-server. Tatizo limekwisha.

Alpine ndiyo inayostahili sifa ya wepesi, na ndiyo inayowaadhibu wasiosoma maelezo. Kwa namna yake ya kutumia diski kidogo, mfumo wote unapakiwa kwenye RAM wakati wa kuwaka na kadi haiandikwi tena mpaka wewe uamuru kwa lbu commit. Kata umeme mara mia kati ya commit na commit, hakuna kinachoharibika. Kwa maktaba yetu ni karibu ndoto. Lakini lbu huhifadhi /etc peke yake. Chochote kingine lazima ukitaje kwa lbu include, la sivyo kinayeyuka ukizima. Mtego wa pili umewakosesha wengi usingizi: vifurushi vilivyotoka kwenye mtandao husakinishwa upya kila bodi inapowaka, na kama hukuendesha setup-apkcache vikahifadhiwa kwenye kadi, siku intaneti haipo bodi inawaka bila programu zako. Jaribio la kwanza la Alpine liwe kuiwasha ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote.

Halafu musl. Vifurushi vingi vya Python vilivyokwisha kujengwa ni vya glibc, na pip, kisakinishaji cha Python, isipopata cha musl kwa usanifu wako itaanza kujenga kutoka kwenye chanzo, kwenye MB 512. Baada ya dakika arobaini keneli inamuua mjenzi kwa kukosa kumbukumbu. Tafuta kwanza apk search py3- na ukikosa unachohitaji, rudi Debian bila aibu. Masasisho nayo: hazina ya "main" ya kila toleo inahudumiwa kwa takriban miaka miwili, lakini "community" huhudumiwa hadi toleo linalofuata, yaani kama miezi sita. Programu yako ikiwa community, umekubali kupandisha toleo mara mbili kwa mwaka.

OpenWrt, mfumo wa ruta, tutaitaja kwa ufupi kwa kuwa jibu lake ni fupi. Kama kazi ya bodi ni kugawa mtandao, kuhesabu bando na kuzuia matangazo, iweke hiyo. Mfumo wa msingi umefungwa kwenye squashfs isiyoandikika, mabadiliko yanakaa kwenye tabaka la juu, na ukivuruga mambo amri ya firstboot inakurudisha mwanzo. Usiigeuze kuwa seva ya kila kitu.

Kwa Orange Pi, Banana Pi na ndugu zao hadithi ni nyingine kabisa, maana swali la kwanza huwa ni keneli. Mifumo inayotolewa na watengenezaji wa chipu mara nyingi imefungiwa kwenye keneli ya zamani iliyotiwa viraka vyao wenyewe. Chipu ya Allwinner H3 kwa miaka ilijulikana kwa keneli 3.4. Bei ya bodi ni ndogo, na tofauti unailipa kwa kutopata viraka vya usalama. Armbian, mfumo wa Linux ulioandaliwa kwa bodi za aina hii, ndiyo inayoziokoa, lakini soma daraja la bodi yako kwenye orodha yao kabla ya kununua: inayohudumiwa rasmi, inayoachiwa jumuiya, au iliyokwisha kuachwa. Ikiwa na keneli inayofanya kazi, igandishe kwa armbian-config ili sasisho la usiku lisikuondolee Wi-Fi.

Uamuzi kwa maktaba

Kwa bodi hiyo ya shule tungechagua Raspberry Pi OS Lite ya biti 32, tukaipunguza kama tulivyoeleza, kisha tukaifunga. Kiwix iko kwenye hazina ya Debian: apt install kiwix-tools, halafu huduma ya systemd yenye kiwix-serve --port=8080 na njia ya faili la zim, lile lenye Wikipedia yenyewe. Faili hilo liwekwe kwenye ext4. FAT32 haipokei faili moja la zaidi ya GB 4, na Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inapita GB 100. Redio ya Zero 2 W ni ya GHz 2.4 tu na antena yake ni ya bodi yenyewe. Kama darasa zima litaingia kwa pamoja, nunua ruta ndogo ya pembeni na uiache Pi ifanye kazi moja.

Kufunga ni kwenye raspi-config, Performance Options, Overlay File System, na ukubali pia kuifunga sehemu ya kuwashia. Sehemu hiyo ni FAT, haina jonali yoyote, na ndiyo inayokufa umeme ukikatika wakati wa kusasisha keneli. Baada ya kufunga, kila kinachoandikwa kinakwenda RAM na kinatoweka ukizima. Kuna wanaosahau na kuendesha apt upgrade ikiwa imefungwa: vifurushi vinajaza MB 512, bodi inastaki, na ikiwashwa upya kila kitu kiko kama zamani. Utaratibu ni kufungua, kuwasha upya, kusasisha wakati kuna betri au umeme wa uhakika, kufunga, kuwasha upya. Takwimu za matumizi ziende kwenye flashi ya USB yenye mfumo wake wa mafaili, ikifa ifie peke yake. Katika fstab mstari wake uwe na nofail, la sivyo bodi itasimama njiani kuingoja flashi isiyokuwepo.

Weka pia RuntimeWatchdogSec=14 kwenye /etc/systemd/system.conf. Kihesabu cha chipu hakivuki sekunde 15 hivi. Mfumo ukiganda, bodi inajiwasha upya bila kumsubiri fundi wa muhula ujao.

Bodi haina saa yenye betri. Ikiwaka bila intaneti itadhani ni ile tarehe iliyohifadhiwa mara ya mwisho, na kwa mfumo uliofungwa tarehe hiyo haisogei. Kiwix haijali, lakini takwimu zako zote zitasema ni siku moja. Chipu ya DS3231 kwenye pini za I2C na mstari wa dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 vinamaliza jambo hilo kwa gharama ndogo.

Kabla ya kuipeleka, chomoa waya. Mara tano ikiwa imetulia, mara tano simu mbili tatu zikisoma kurasa, mara tano sekunde chache baada ya kuiwasha, wakati mafaili ndiyo kwanza yanafunguliwa. Ikirudi mara zote kumi na tano, izime, nakili kadi yote kwa amri ya dd kwenye kadi ya pili ya ukubwa ule ule, ijaribu hiyo ya pili nayo kwenye bodi, kisha ibandike kwa gundi ya karatasi ndani ya kifuniko cha boksi pamoja na tarehe. Mwalimu wa zamu anaweza kubadilisha kadi. Kutengeneza ext4 kwa simu ni kazi nyingine.